Kona ya Yaya: Nani Ana Haki ya Kubandika Tangazo la Kazi?



Leo nina neno na wewe, mdogo wangu wa Kolwezi, Fungurume au Nzilo, uliyeitwa ofisini ukaambiwa kwamba kuanzia sasa portali ya wafanyakazi, ile tovuti ya ndani ya kampuni, iko mikononi mwako. Pengine uko RH (rasilimali watu), pengine uko mawasiliano, pengine ulisomea informatiki Lubumbashi, basi kila kitu chenye skrini kikageuka kuwa kazi yako. Ulipewa neno la siri na pongezi. Karatasi inayosema nani anaruhusiwa kuandika nini, hukupewa. Hata meza yako hujaizoea, simu zimeanza: mkuu wa uzalishaji anataka "ruhusa zote", mkuu wa usalama anataka kubandika mwenyewe, na rafiki yako wa manunuzi anakuomba umwachie neno lako la siri kidogo tu. Wewe ni mdogo kwao kwa umri na kwa cheo, umelelewa kumheshimu mkubwa, na hujui ukatae vipi.

Keti tuzungumze. Yote nitakayokuambia leo yana shina moja: ruhusa ya kuchapisha mpe yule atakayesimama kujibu tangazo likiwa na kosa, hata kama cheo chake ni kidogo. Asiyekuwa tayari kujibu, usimpe, hata kama ofisi yake ina zulia na kiyoyozi.

KWA NINI JAMBO HILI NI ZITO KWETU

Huku kwenye shaba, kampuni kuzungumza na wafanyakazi wake hakukuanza jana. Mwaka 1957 kampuni ya Union Minière ilianzisha gazeti la wafanyakazi wake, Mwana Shaba. Kampuni ilipotaifishwa mwaka 1967 na baadaye kuwa Gécamines, gazeti likaendelea. Gazeti la kampuni lina mwandishi, lina mhariri, na lina mkubwa anayelipitia kabla halijafika kwenye mashine ya kuchapa. Pamoja na gazeti kulikuwa na valvu, ule ubao wa matangazo ukutani ambao mpaka leo ofisi na vyuo vyetu vinautumia. Tangazo la valvu lina muhuri na sahihi, na likikosa hivyo viwili watu wanalitilia shaka hapo hapo.

Portali imeondoa mashine ya kuchapa, muhuri na ufunguo wa kisanduku cha kioo cha valvu. Nafasi ya vyote vitatu imechukuliwa na ruhusa unazoziweka wewe kwenye kompyuta. Ukizipanga ovyo, mtu yeyote ana muhuri wa kampuni.

Chukua mambo yaliyotukuta mwaka 2025. Tarehe 22 Februari, ARECOMS, mamlaka ya serikali inayosimamia soko la madini ya kimkakati, ilisimamisha usafirishaji wa kobalti nje ya nchi kwa miezi minne. Mwezi Juni ikaongeza miezi mitatu, kisha ukaja utaratibu wa mgao kuanzia 16 Oktoba. Habari ya namna hiyo ikifika, mtu wa zamu ya usiku anajiuliza swali moja tu: kazi yangu ipo? Sasa fikiria portali ambayo kila mkuu wa idara anabandika apendavyo. Manunuzi wanaandika kwamba oda zimesimama. Uzalishaji wanaandika kwamba kazi inaendelea kama kawaida. RH wananyamaza. Kila mmoja anaweza kuwa anasema kweli kwa upande wake, na bado mfanyakazi akarudi nyumbani mtaani Manika na hofu, akamwambia mkewe ada ya shule isubiri.

Upande wa pili nao upo. Mei 2025 mitetemo ya ardhi katika mgodi wa Kakula, magharibi ya Kolwezi, ilisimamisha uchimbaji wa chini ya ardhi. Siku ya namna hiyo, tangazo linalongoja idhini ya mkubwa aliye ndani ya ndege kwenda Kinshasa halimsaidii mtu. Kwa hiyo unatakiwa kuhakikisha mambo mawili kwa pamoja: maneno yasiyo na mwenyewe yasipite, na maneno ya kuokoa watu yasikwame.

GAWA KAZI, USIGAWE UFUNGUO

Ofisi nyingi hudhani ruhusa ni kitu kimoja, unayo au huna. Mdogo wangu, ruhusa zipo tano, na ukizitenganisha, nusu ya ugomvi wako na wakubwa utaisha.

Ya kwanza ni kusoma. Hii iwe pana kabisa. Kila mwenye mkataba asome matangazo ya kazi, pamoja na wa kampuni ndogo zinazofanya kazi ndani ya uzio wenu, maana na wao wanapita barabara ile ile.

Ya pili ni kuandika rasimu. Hii nayo ifungue kwa ukarimu. Fundi wa pampu anajua habari za pampu kuliko mtu wa mawasiliano, basi aandike yeye. Rasimu haimdhuru mtu kwa kuwa haijaonekana na umma.

Ya tatu ni kuthibitisha: kusema kwamba yaliyoandikwa ni kweli. Anayethibitisha habari ya mshahara atoke kwenye mshahara. Anayethibitisha habari ya baruti atoke kwenye usalama. Na kamwe asiwe ndiye aliyeandika. Macho yaliyozoea sentensi hayaioni tarehe iliyokosewa ndani yake.

Ya nne ni kuchapisha na kuondoa. Wenye ruhusa hii wawe wachache, wenye majina yanayojulikana. Wakati mwingine anayethibitisha ndiye anayechapisha, si neno. Lakini usisahau kuandika nani anaondoa, maana tangazo lililopitwa na wakati linapotosha sawa na la uongo.

Ya tano ni kusimamia mfumo wenyewe: kuunda makundi, kuongeza watu, kubadilisha ruhusa. Mwenye hii ana nguvu kuliko wote, na ndiyo maana haifai awe pia mthibitishaji wa habari. Anayeshika mitambo asiamue kilicho kweli.

Watu wa Nzilo wananielewa haraka. Bwawa letu lilijengwa na Union Minière mwanzoni mwa miaka ya 1950, likiitwa Delcommune, na maji yakitoka hapo yanafuata Lualaba mpaka kituo cha Nseke kilicho chini yake. Maji yenye nguvu hiyo hayaachiwi kila mwenye mikono afungue. Anahitajika wa kupima, wa kuamua na wa kufungua, na walio chini wanatakiwa kujua. Maneno ya kampuni nayo yana walio chini, na ni hao unaowalinda.

MAHALI PA KUBONYEZA

Kampuni nyingi duniani zinatumia SharePoint ya Microsoft kwa portali zao, na huku kwetu skrini nyingi ziko kwa Kifaransa, kwa hiyo nitataja maneno utakayoyaona mbele yako. Kama mfumo wenu ni mwingine, majina yatabadilika, mitego itabaki ile ile.

Tovuti ya SharePoint huja na makundi matatu: Propriétaires (wamiliki), Membres (wanachama) na Visiteurs (wageni). Wa kwanza wana Contrôle total, yaani mamlaka yote. Wa mwisho wana Lecture, yaani kusoma tu. Mtego uko kwa hao wa katikati. Ukimwingiza mtu kwenye Membres kwa nia njema, "ajisikie yumo", mfumo kwa kawaida yake unampa Modification: anaweza kuhariri kurasa, kuongeza na hata kufuta. Wafanyakazi wote waweke Visiteurs. Membres wawe waandishi uliowachagua mmoja mmoja. Propriétaires wawe wawili au watatu. Asiwe mmoja, maana siku malaria ikimlaza, kazi nzima imelala naye.

Ruhusa lipe kundi, usimpe mtu moja kwa moja. Unda kundi la "Waandishi wa usalama", lipe ruhusa, kisha ingiza na kutoa majina. Ukigawa kwa mtu mmoja mmoja, baada ya mwaka hakuna atakayeweza kukuambia nani anaweza nini, hata wewe mwenyewe.

Washa Approbation du contenu, yaani idhini ya maudhui, kwenye maktaba ya kurasa. Ukiipanga vizuri, rasimu itaonekana na aliyeiandika pamoja na wathibitishaji, na wafanyakazi wengine wataendelea kuona toleo la mwisho lililokubaliwa. Hapo hata mwandishi akibonyeza bila kufikiri saa sita usiku, kosa lake litalala kwenye foleni mpaka mtu alione.

Angalia urithi wa ruhusa. Kwa kawaida folda inafuata ruhusa za maktaba, na maktaba inafuata za tovuti. Unaweza kukata urithi huo kwenye folda moja, na siku ya kwanza inapendeza. Ukishaukata kwenye folda thelathini, umejijengea msitu. Mambo ya siri yaundie tovuti yao pembeni, yenye makundi yake, uache tovuti ya wote ikiwa rahisi.

Halafu kuna kitu kinaitwa Ciblage d'audience. Hiki kinawadanganya wengi. Kinachagua nani aletewe habari mbele ya macho yake, basi. Hakifungi mlango. Asiyeletewa, kama ana ruhusa ya kusoma maktaba ile, anaweza kuifikia habari kwa kutafuta au kwa kiungo alichotumiwa na mwenzake. Ukiweka orodha ya bonasi za wakuu kwenye maktaba ya wote, ukategemea kwamba "imelengwa kwa wakuu tu", umeianika.

Mwisho, jua mahali pa Historique des versions. Hapo mfumo unaonyesha nani alibadilisha ukurasa, lini, na unaweza kurudisha toleo la nyuma. Faida hiyo yote inapotea mkitumia akaunti moja ya pamoja, ile ya "Communication" ambayo neno lake la siri limebandikwa chini ya kibodi. Historia itasema "Communication" amebadilisha saa nane usiku, na wote mtatazamana. Kila mtu aingie kwa jina lake.

TANGAZO MOJA, TULITAZAME KWA KARIBU

Ruhusa nzuri bila tangazo zuri haijamaliza kazi. Soma hili, la aina unayoiona kila siku:

"Kwa wote: barabara ya mgodini itafungwa kesho asubuhi kwa sababu ya kulipua. Tafadhali zingatieni. Uongozi."

Mtu wa zamu ya usiku anafungua simu saa saba usiku. Kesho yake ni ipi? Barabara zipo nyingi, ni ipi? Asubuhi ni saa ngapi? Uongozi ni nani, kama ana swali ampigie nani? Na tangazo hili likiwa bado ukutani Ijumaa, dereva wa lori ataliamini au atalipuuza? Akizoea kulipuuza hili, atapuuza na lijalo.

Sasa soma hili:

"Jumatano 11 Machi, kuanzia 11:00 mpaka 13:00 saa za Kolwezi, barabara kati ya lango la kaskazini na karakana imefungwa kwa sababu ya kulipua mwamba. Mabasi ya zamu yatapita lango la kusini. Ameandika: fundi wa mipango ya kulipua. Amethibitisha: mkuu wa usalama wa zamu. Ukiwa na swali, piga chaneli ya usalama kwenye redio. Tangazo hili litaondolewa Jumatano 14:00."

Kwenye portali, mahali pa hivyo vyeo viwili weka majina kamili. Na uone jinsi saa zilivyoandikwa. Kwetu mwingine anahesabu saa kwa Kiswahili, mwingine kwa Kifaransa, na kati yao kuna tofauti ya saa sita. Tena Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja. Tangazo likiandikwa makao makuu huko bila kusema saa za wapi, mtu atachelewa au atawahi mahali ambapo hakutakiwa kuwa. Kwenye fomu ya kuandikia matangazo weka nafasi za lazima: siku, saa ya kuanza na kuisha, mahali, aliyeandika, aliyethibitisha, siku ya kuondoka. Mfumo ukatae kutuma kama nafasi moja iko wazi. Hapo fomu yenyewe itakuwa inawaelekeza watu, nawe hutalazimika kubishana na mtu.

SHEFU ANAPOTAKA RUHUSA ZOTE

Najua hapa ndipo panapokuuma. Mkubwa amekuja mwenyewe mpaka mezani kwako, amesimama. Usibishane naye mbele za watu, na usimwambie "haiwezekani". Mwambie hivi:

"Ndiyo, Papa. Kusoma kila ukurasa unaweza tayari. Ukitaka tangazo litoke kwa jina lako, sekretari wako ataandika rasimu, na mimi nitaifuata mpaka ithibitishwe leo hii. Hizo ruhusa nyingine mfumo unaziandika kwa jina la mtu. Siku ukurasa ukifutwa kwa bahati mbaya, jina litakaloonekana ni lako, na mimi nisingependa jina lako likae hapo."

Umemheshimu, umempa anachokihitaji kweli, yaani habari yake itoke haraka, na ufunguo umebaki mahali pake. Mara nyingi mkubwa hataki ruhusa, anataka asingojeshwe. Basi jiwekee ahadi ya muda na uitimize: rasimu ya kawaida ijibiwe siku hiyo hiyo ya kazi. Ukichelewesha matangazo ya watu siku tano, wewe mwenyewe ndiye unawafundisha kutafuta mlango wa nyuma.

Kwa rafiki anayeomba neno la siri, sema wazi: "Ndugu yangu, nipe maandishi yako sasa hivi niyaweke kwenye rasimu. Neno la siri sitoi." Rafiki wa kweli atanuna kidogo kisha atakuzoea.

Lakini usipigane kwa mdomo peke yake. Andika utaratibu wa kurasa mbili: aina za matangazo, nani anaandika kila aina, nani anathibitisha, ndani ya muda gani, nani yuko badala yake akiwa likizo. Mpelekee mkurugenzi mkuu atie sahihi. Kuanzia siku hiyo, ukikataa, karatasi ndiyo inayokataa, na karatasi ina sahihi ya mkubwa kuliko wote.

WALIOONDOKA WASIBAKI NDANI

Kazi za mgodi zinahamisha watu sana. Mkataba wa muda umeisha, kontrakta amefungasha, mtaalamu wa kigeni amerudi kwao, kijana wa usalama amehamia manunuzi. Mwili umeondoka, ruhusa imebaki. Aliyehamia idara nyingine ni mgumu kumwona kuliko aliyefukuzwa, kwa sababu bado mnasalimiana kila asubuhi, na huku ana ruhusa za kule alikotoka pamoja na za huku alikokuja.

Patana na RH: siku ya mtu kukabidhi kitambulisho cha getini, jina lake likufikie siku hiyo hiyo. Na kila baada ya miezi mitatu toa orodha ya makundi yote, mpelekee kila mkuu wa idara akate asiyehusika na atie sahihi. Usimtumie orodha kwa barua pepe ukaisahau. Nenda nayo mkononi, simama hapo, mwombe dakika kumi.

USIKU WA AJALI

Kwa mambo ya hatari, utaratibu wa kungoja idhini haufai. Kwa hiyo tayarisha mapema ukurasa mmoja wa dharura, wenye maneno yaliyokwisha kukubaliwa: ondokeni sehemu hii, kusanyikeni pale, ngojeni taarifa saa fulani. Mkuu wa usalama wa kila zamu awe na ruhusa ya kuchapisha ukurasa huo peke yake, papo hapo, bila kumuuliza mtu. Akiwa amejaza nafasi na kubonyeza, wakubwa wapate taarifa wakati ule ule, na asubuhi mkutane kupitia alichoandika. Ruhusa hiyo ifuate zamu: anayeingia kazini awe nayo, na anayekwenda nyumbani asiitumie.

Na umeme wetu mnaujua. Portali isiwe njia ya pekee ya kuokoa mtu. King'ora, redio na msimamizi anayetembea kwa miguu vitangulie. Portali ifuate kwa kueleza.

Likitokea la msiba, Mungu apishe mbali, jina la aliyeumia au kufa lisionekane popote kabla familia haijaambiwa na mtu, uso kwa uso. Hili liandike kwenye utaratibu kwa herufi kubwa. Mama wa Luilu asijue habari za mwanawe kupitia simu ya jirani.

SIRI ZA WATU

Sheria ya nchi yetu kuhusu mambo ya dijitali, Ordonnance-loi 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, inalinda taarifa binafsi za watu. Kwa hiyo hata RH hawana haki ya kubandika kila walicho nacho. Orodha ya waliopimwa hospitalini, waliokopa mishahara, walioonywa, picha za vitambulisho: hizo hazina kazi kwenye ukurasa wa wote. Mwandishi akileta rasimu yenye majina na namba za watu, mthibitishaji ajiulize: kila mfanyakazi anahitaji kujua hili ili afanye kazi yake? Kama jibu ni hapana, irudi.

Kumbuka pia kwamba ruhusa haizuii picha. Tangazo likishaonekana na watu wengi, hesabu kwamba jioni litakuwa kwenye WhatsApp za Dilala na Manika. Andika kila tangazo kana kwamba litasomwa na mke wa mfanyakazi, na mwandishi wa habari, na mwenye duka anayemkopesha unga.

LUGHA, NA WASIO NA KOMPYUTA

Katiba ya 2006 inakifanya Kifaransa lugha rasmi, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa. Ndani ya migodi yetu ongeza Kiingereza na Kichina. Tangazo la usalama likiwa kwa Kifaransa peke yake, umewanyima wengine ruhusa ya kusoma hata kama mfumo unasema wanayo. Basi tafsiri iwe na mthibitishaji wake, mtu anayesoma Kiswahili kila siku na anayeijua kazi yenyewe. Mashine ya kutafsiri isaidie kuandika rasimu, isithibitishe. Na Kifaransa kikibadilishwa baada ya kuchapishwa, matoleo mengine yote yarudi kwenye rasimu mpaka yalinganishwe. Kurasa mbili za kampuni moja zenye saa mbili tofauti za kulipua ni hatari ya maisha.

Yule anayeendesha mashine chini ya ardhi hana meza wala skrini. Kila tangazo la usalama lichapwe, libandikwe kwenye valvu ya sehemu ya zamu, lisomwe kwa sauti kwenye mkutano wa kuanza kazi. Anayebandika karatasi naye awe na jina kwenye utaratibu wako, na yeye ndiye aibandue siku ikifika.

MAJIBU YA HARAKA

Tangazo lenye kosa limeshatoka, nilifute kimya kimya? Hapana. Watu wamelipiga picha. Lirekebishe, juu yake andika nini kimebadilika na saa ngapi, na aliyethibitisha aweke jina lake tena. Kampuni inayosahihisha hadharani inaaminiwa.

Wajumbe wa chama cha wafanyakazi wanaomba ukurasa wao, niwape? Zungumza na wakubwa wakupe idhini, kisha wape ukurasa wenye jina lao, waandike na kuchapisha wenyewe, wajibu wenyewe. Usikae wewe unawahariri. Wafanyakazi ndio huwachagua wajumbe wao na wanataka kusikia sauti yao. Ukurasa huo utenganishwe wazi na ule wa kampuni, asije mtu akachanganya madai na maamuzi.

Sisi ni kampuni ndogo, tupo ishirini tu, haya yote ya nini? Chukua moja: hakuna anayechapisha alichoandika mwenyewe bila mwingine kusoma. Hilo linatosha kuanzia, na halina gharama.

Nimekuta mambo yamevurugika tangu zamani, nianzie wapi? Usibadilishe kitu siku ya kwanza. Toa orodha ya kila mwenye ruhusa ya kuhariri. Kata kwanza walioondoka, maana hakuna atakayewatetea. Juma linalofuata hamisha wafanyakazi wa kawaida kutoka Membres kwenda Visiteurs, ukiwaambia mapema. Kisha washa uthibitishaji kwa aina moja ya tangazo, la usalama, ulizoee, ndipo uende kwa mishahara na mengine.

Mdogo wangu, kazi hii haina makofi. Ukiifanya vizuri hakuna atakayeiona: basi litapita lango lililotajwa, mshahara utafika siku iliyoandikwa, na mtu wa zamu ya usiku atasoma mara moja na kuamini. Imani hiyo ndiyo unayoilinda, na ikipotea hairudishwi kwa tangazo lingine. Jumatatu ingia na ile orodha ya wenye ruhusa, kaa na mkuu wa usalama kwanza kuliko wote, na anzeni kukata majina.

Yaya wenu.